Je, Sofia Kovalevskaya aliandikiwa kazi zake na mwalimu wake?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma hisabati, mwaka wa tatu. Juzi tulifika kwenye theoremu ya Cauchy na Kovalevskaya, nikafurahi kusikia kwamba Kovalevskaya alikuwa mwanamke. Mwenzangu mmoja akanikatisha palepale: eti kazi zile aliandikiwa na mwalimu wake, Weierstrass, mwanahisabati wa Berlin, na ndiyo maana maisha yake yote alichapisha makala yasiyozidi kumi. Ni kweli? Nimesikia pia kwamba alikuwa mtunzi wa hadithi. Aliandika nini hasa, na nianzie wapi kumsoma?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako hakulitunga hilo, amelirithi. Felix Klein, mmoja wa vigogo wa hisabati wa Ujerumani, alisema katika mihadhara yake ya historia kwamba kazi za Kovalevskaya zimeandikwa kwa mtindo wa Weierstrass, kwa hiyo mtu hawezi kujua ni kiasi gani cha mawazo yale ni chake mwenyewe. Mtu mzito akitamka neno kama hilo, wepesi hulibeba. Likishapita midomo mitatu minne, "hatuwezi kujua" huwa "aliandikiwa".

Si kweli. Lakini usitosheke na kauli yangu, maana hata mimi naweza kuwa nampendelea. Tuzitazame kazi zenyewe. Hazina uzito sawa, na ile iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo shahidi mzuri katika kesi hii.

Alizaliwa Moscow Januari 1850, binti wa jenerali wa mizinga, akakulia shambani Palibino, magharibi mwa Urusi. Pengine umekwisha kusikia habari ya ukuta: karatasi za kupamba nyumba zilipungua, chumba cha watoto kikabandikwa kurasa za mihadhara ya kalkulasi ya Ostrogradsky, na mtoto akawa anazikodolea macho kwa saa nyingi. Ni hadithi tamu, na yeye mwenyewe aliisimulia, ila kwangu kisa chenye uzito ni kingine. Jirani yao, Profesa Tyrtov, alikuwa ameandika kitabu cha fizikia. Sofia alikisoma akiwa na miaka kama kumi na minne, akakwama kwenye sura ya mwanga kwa sababu ilitumia saini (sine, kipimo cha pembe), na hakuna aliyewahi kumfundisha trigonometria. Akabuni: badala ya saini akaweka urefu wa mstari unaounganisha ncha mbili za tao. Pembe ikiwa ndogo vitu hivyo viwili hukaribiana sana, hivyo hesabu zikamkubali. Tyrtov alipomtaka aeleze amefikaje hapo, aliduwaa, akamwita Pascal mpya, akamsihi jenerali amtafutie binti yake mwalimu. Wakati huo Weierstrass hakujua kama kuna mtu wa jina hilo duniani.

Vyuo vikuu vya Urusi vilikuwa vimefungwa kwa wanawake, na msichana hakuweza kusafiri bila ruhusa ya baba au mume. Vijana wa kizazi chake walikuwa na dawa yao: ndoa ya karatasi. Mwaka 1868 Sofia aliolewa na Vladimir Kovalevsky, mtaalamu wa visukuku, kwa makubaliano kwamba ndoa ni kibali cha kuvuka mpaka. Mwaka uliofuata walikuwa Heidelberg, ambako aliruhusiwa kuhudhuria mihadhara kwa hisani ya profesa mmoja mmoja, na mwaka 1870 akaenda Berlin kumtafuta Weierstrass.

Huko baraza la chuo lilikataa hata asikae nyuma ya ukumbi kusikiliza. Weierstrass, mwenye miaka 55 wakati huo, alimpa maswali magumu, labda kwa nia ya kumwondoa kistaarabu. Akarudi na majibu, na majibu yakawa na njia ambazo mzee hakuzitarajia. Basi kwa miaka minne akamfundisha nyumbani, faragha, mara mbili kwa wiki.

Shina la tuhuma liko hapo. Mwanafunzi mwanamume wa Berlin alikuwa na darasa, wenzake wa kubishana nao, na semina ambako watu walimwona akikosea na kupatia. Sofia hakuwa na shahidi hata mmoja isipokuwa mwalimu mwenyewe. Walimfungia mlango, kisha wakauliza kwa nini hakuna aliyemwona ndani. Tena baada ya kifo chake Weierstrass alizichoma barua zote alizoandikiwa na Sofia. Zilizobaki ni zile alizoandika Weierstrass mwenyewe. Kwa hiyo mazungumzo yao tunayasikia upande mmoja, upande wa mwalimu, na hilo peke yake humfanya mwanafunzi aonekane mnyonge kuliko alivyokuwa.

Mwaka 1874 alikuwa na kazi tatu tayari, na Weierstrass aliona kwamba yoyote kati ya hizo ingetosha kuwa tasnifu ya uzamivu. Chuo Kikuu cha Göttingen kilimpa shahada bila kumfanyia mtihani wa mdomo, kwa daraja la juu kabisa. Moja ya kazi hizo ilihusu intigro za Abel (aina ya intigro zenye fanksheni za kialjebra), moja ilihusu pete za Saturn, na ya tatu ndiyo theoremu mliyofundishwa, iliyotoka mwaka 1875 katika jarida la hisabati la Crelle. Ile ya Saturn naipita haraka: Laplace alikuwa amechukulia kwamba pete ya kimiminika ikikatwa hutoa umbo la duaradufu, Sofia akaonyesha kwamba ukipiga hesabu kwa makini zaidi umbo huwa kama yai. Hata hivyo Maxwell alikuwa ameshaonyesha kwamba pete za Saturn haziwezi kuwa kimiminika kimoja, kwa hiyo thamani ya kazi ile iko kwenye mbinu kuliko kwenye Saturn yenyewe.

Theoremu unaijua: mlinganyo wa diferensheli wenye vigeu vingi, ukiandikwa kwa umbo fulani, na data ya mwanzo ikiwa ni mfululizo wa vipeo unaokutana (yaani jumla yake inatulia kwenye thamani moja), basi jibu lipo, nalo pia ni mfululizo wa vipeo unaokutana karibu na hapo, na ni moja tu la aina hiyo. Cauchy alikuwa ameshathibitisha sehemu yake mwaka 1842, jambo ambalo inaonekana Berlin hawakulijua. Ninachotaka ukitazame ni yale maneno "kwa umbo fulani". Hapo ndipo Sofia alipomshangaza mwalimu wake.

Chukua mlinganyo wa joto: kasi ya kubadilika kwa joto kwa wakati ni sawa na nyambuo (derivative) ya pili ya joto kwa mahali. Mwanzoni, wakati ukiwa sifuri, joto mahali x liwe 1/(1−x). Data hiyo haina kasoro yoyote karibu na x = 0. Sasa tafuta joto pale x = 0 kwa mfululizo wa vipeo vya wakati t. Kila ukinyambua mara moja kwa wakati unalazimika kunyambua mara mbili kwa mahali, hivyo kizidishi cha tⁿ kinakuwa (2n)! ikigawanywa kwa n!. Viandike: 1, 2, 12, 120, 1680. Kila kimoja ukikigawanya kwa kilichotangulia unapata 2, 6, 10, 14, na uwiano huo unazidi kupanda bila kikomo. Hata t ikiwa sehemu moja ya milioni, ukifika hatua ya laki mbili na nusu hivi vipande vinaanza kukua badala ya kupungua. Mfululizo haukutani popote isipokuwa pale t = 0. Jibu la namna hiyo halipo, na kilicholiharibu ni kwamba upande wa mahali umenyambuliwa mara nyingi kuliko upande wa wakati. Sharti ambalo watu wengi hulikariri kama urembo wa theoremu ndilo linaloibeba.

Weierstrass mwenyewe alikiri jambo hilo kwa maandishi. Alimwandikia Sofia kwamba uchunguzi ule, ambao yeye Sofia aliuona mdogo, ulimfungulia njia ya utafiti mwingine. Na alipomwandikia mwanahisabati du Bois-Reymond habari za tasnifu hiyo, alisema kwamba yeye hakufanya zaidi ya kutoa swali na kusahihisha makosa ya Kijerumani. Unaweza kusema mwalimu mwenye upendo hutoa sifa nyingi. Sawa. Ila hebu mwulize mwenzako hili: Schwarz, Frobenius, Königsberger na Mittag-Leffler wote walipita kwa Weierstrass, wote waliandika kwa zana zake, maana mzee alichapisha kidogo na mawazo yake mengi yalisafiri kwa midomo ya wanafunzi. Kuna mtu anayewauliza hao ni kiasi gani cha kazi zao ni chao?

Uchache wa kazi zake una sababu isiyo na fumbo. Alirudi Urusi mwaka 1874 na shahada yake, na kazi pekee aliyoweza kuipata ilikuwa kufundisha hesabu madarasa ya chini ya shule za wasichana. Akaachana na hisabati. Aliandika gazetini habari za sayansi na uhakiki wa maigizo, ile ndoa ya karatasi ikawa ndoa ya kweli, akamzaa binti mwaka 1878, na barua za Weierstrass zikakaa miaka kadhaa bila majibu. Mwaka huohuo wa 1878 St. Petersburg ilifungua kozi za juu za wanawake, na hata hapo hakupewa nafasi. Alirudi ulingoni mwaka 1880, Chebyshev, mwanahisabati mkubwa wa Urusi, alipomwomba azungumze kwenye mkutano wa wanasayansi. Akaitoa ile kazi ya intigro za Abel, ya miaka sita nyuma, na bado ilikuwa mpya. Vladimir, aliyekuwa ameingia kwenye biashara za majumba na kufilisika, alijiua mwaka 1883. Mwisho wa mwaka huo Sofia alifika Stockholm kwa juhudi za Mittag-Leffler, mwanahisabati wa Sweden, akaanza kufundisha bila mshahara wa chuo. Mwaka 1884 akapewa uprofesa wa miaka mitano, akaingia pia kwenye bodi ya wahariri wa jarida la Acta Mathematica. Si wote waliofurahi: August Strindberg, mwandishi mkubwa wa Sweden, aliandika kwamba profesa wa hisabati mwanamke ni kioja, tena chenye madhara.

Ukihesabu vizuri, miaka yake ya kufanya utafiti kwa utulivu haifiki kumi na mitano, imekatwa katikati, na alikufa akiwa na miaka 41.

Nije kwenye kazi dhaifu niliyoitaja. Mwaka 1885 alichapisha katika Acta makala juu ya mwanga unavyopita ndani ya fuwele, akijenga juu ya milinganyo ya Lamé, mwanahisabati Mfaransa. Ndani yake alieleza mbinu ya Weierstrass ambayo ilikuwa haijachapishwa, akasema wazi ni ya nani, kisha akaitumia. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Vito Volterra, mwanahisabati Mwitalia, alionyesha kwamba majibu aliyoyapata Sofia hayaitoshelezi milinganyo yenyewe: alikuwa amemfuata Lamé katika kuitendea fanksheni yenye thamani nyingi kana kwamba ina thamani moja. Ni kosa la kweli, na sioni haja ya kulificha. Lakini litazame kama hakimu. Hii ndiyo makala iliyoegemea zaidi mkono wa mwalimu, na sehemu ya mwalimu ilisimama, sehemu ya Sofia ikaanguka. Kumbe mikono miwili inatofautika vizuri kabisa, kinyume na alivyodai Klein. Na kama ni Weierstrass aliyekuwa akiandika zote, kosa lile lilipitaje?

Sasa ile iliyo bora. Chukua pia, ile wanayochezea watoto, ishikilie ncha yake isihame, uiache izunguke na kuyumba. Kuandika milinganyo ya mwendo huo ni rahisi, kuitatua ni balaa. Milinganyo ni sita, na ili uimalize unahitaji viwango vinne visivyobadilika wakati wote wa mwendo. Vitatu vinapatikana daima, kimojawapo kikiwa nishati. Kilichokosekana ni cha nne. Euler alikipata kwa gimba ambalo kitovu cha uzito kiko pale pale liliposhikiliwa. Lagrange alikipata kwa pia ya kawaida, yenye kitovu cha uzito kwenye mhimili wake. Baada ya hapo, karne nzima ya kimya. Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza zawadi ya Bordin ya mwaka 1888 kwa atakayelisogeza mbele swali hilo.

Waliomtangulia walikuwa wakibahatisha kiwango cha nne. Sofia aliuliza swali la pembeni kabisa: tuseme wakati ni namba changamano, ni kwa magimba yapi majibu yote yatakuwa na tabia njema, yaani yasiwe na uharibifu wowote isipokuwa ule mwepesi wa kugawanya kwa sifuri? Akapekua mlolongo mzima wa uwezekano. Zikabaki hali ya Euler, hali ya Lagrange, na moja ambayo hakuna aliyewahi kuiona: momenti mbili za inesha (vipimo vya ugumu wa kulizungusha gimba kwenye mihimili yake mitatu) ziwe sawa, kila moja iwe mara mbili ya ya tatu, na kitovu cha uzito kiwe kwenye bapa la zile mbili zilizo sawa. Kwa hali hiyo ya ajabu akakipata kiwango cha nne, kisha akautatua mwendo mzima kwa fanksheni za theta, aina ya fanksheni za namba changamano. Lyapunov alikuja kuikaza hoja ya upekuzi miaka michache baadaye, kwani ilikuwa na pengo.

Zana za sehemu ya mwisho ni za Weierstrass, hilo halina ubishi. Swali lile la pembeni silo. Painlevé na wenzake walijenga nyumba nzima juu ya wazo hilohilo, na miaka ya 1970 na 1980 wanafizikia walilifufua kama kipimo cha kujua mfumo upi unatatulika. Tena washindani wa Bordin hawakuweka majina: kila kazi ilikuja na kauli tu, jina likiwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Yake ilisema: sema unalolijua, fanya linalokupasa, lije litakalokuja. Kulikuwa na kazi 15. Waamuzi waliichagua hiyo, na kwa ubora wake wakapandisha zawadi kutoka faranga 3000 hadi 5000, ndipo bahasha ikafunguliwa. Wakati huo Weierstrass alikuwa mzee wa miaka 73, mgonjwa, yuko Berlin.

Mwaka 1889 Stockholm ilimpa uprofesa wa kudumu, na Akademia ya Urusi ikabadili kanuni ili kumfanya mjumbe mwandikiani (corresponding member). Kazi ya kufundisha nyumbani kwao hawakumpa. Alifariki Stockholm tarehe 10 Februari 1891 kwa homa ya mapafu, siku chache tu baada ya kufundisha.

Kuhusu hadithi, ulichosikia ni kweli, na wala haikuwa burudani ya jioni. Mwaka 1887 alitunga pamoja na Anne Charlotte Leffler, dada yake Mittag-Leffler, jozi ya tamthilia zenye wahusika walewale: ya kwanza inaonyesha mambo yalivyokuwa, ya pili yale ambayo yangeweza kuwa. Wazo lilikuwa la Sofia, kalamu zaidi ya Leffler, na kusema kweli wazo lilizidi utekelezaji. Riwaya yake fupi kuhusu msichana wa kinihilisti (kundi la vijana wa Urusi waliokataa mila na utawala wa zamani) ilitoka mwaka 1892, yeye akiwa ameshafariki, na ikapigwa marufuku Urusi. Inamhusu binti wa kabaila anayeamua kuolewa na mfungwa wa kisiasa ili kumwepusha na shimo la gereza. Ndoa isiyo ya mapenzi, yenye lengo: mwandishi alijua anachokieleza.

Kilicho bora kuliko vyote ni kumbukumbu zake za utotoni, zilizotoka kwanza kwa Kiswidi mwaka 1889 zikiwa zimevaa joho la riwaya, kisha kwa Kirusi mwaka 1890 kwa majina halisi. Sura za mwisho zinamhusu dada yake Anyuta, aliyetuma hadithi kwa siri kwa Dostoevsky, mwandishi maarufu wa riwaya, zikachapishwa mwaka 1864. Baba alipoikamata barua yenye malipo alikaribia kupoteza fahamu, akamwambia binti kwamba anayeuza hadithi leo kesho atajiuza mwenyewe. Baadaye Dostoevsky akawa mgeni wa familia hiyo, akamchumbia Anyuta na kukataliwa, huku Sofia wa miaka kumi na tano akimpenda kimya kimya na kujifunza kinanda kwa ajili yake. Anajicheka bila kujihurumia.

Kwa hiyo anza na kumbukumbu hizo. Tafsiri ya Kiingereza ipo. Jihadhari na wasifu ulioandikwa na Leffler mwaka 1892: ni wa rafiki wa karibu, una mengi ya thamani, ila ndio uliomsambaza Sofia kama mwanamke aliyeliwa na kiu ya mapenzi, na wengi waliofuata wakanakili. Kisha nenda kwenye makala ya mwaka 1889 katika Acta, juzuu ya 12, kwa Kifaransa. Majuzuu ya zamani ya jarida hilo yanapatikana bure mtandaoni. Ukiwa na mekanika ya mwaka wa pili utaifuata sehemu ya kwanza, ile ya upekuzi, bila kamusi kubwa. Ukifika kwenye fanksheni za theta ruka, utazirudia ukishasoma nyuso za Riemann. Unapotafuta, jaribu tahajia zote: Kovalevskaya, Kovalevsky, Kowalevski, Kowalewski, na jina la kwanza Sofia, Sofya, Sonya au Sophie. Katika Acta ametia sahihi kama Sophie Kowalevski, na wanafunzi wangu kadhaa wamewahi kuniambia kwamba makala haipo kwa sababu tu ya hiyo w.